Siku Injini Ilichoka na Mbuzi za Ntheo Katikati ya Mto

Kuna siku moja, mwanangu, nitaikumbuka hata nikizeeka mpaka meno iishe yote. Ni ile siku injini ya boti yetu ilichoka katikati ya mto, na ndani ya boti kulikuwa na mbuzi za ntheo za kaka yangu Kyalo.

Usicheke ju nimekuita mwanangu. Najua mimi na wewe tumepishana miaka kidogo tu, na ndevu zangu mtu anaweza kuzimaliza kuhesabu akiwa ng'ambo. Lakini hapa kwetu kwa mto, anayeshika usukani wa boti anaitwa mzee hata kama juzi alikuwa ananyonya. Na mtu akishaitwa mzee lazima atafute wa kushauri, ama huo uzee utamkalia bure. Sasa wewe ndio utashika usukani siku mimi sipo. Kaa hapo kwa mchanga, weka simu mfukoni, sikiliza.

Wacha nianze na mto wenyewe. Wakati wa kiangazi huu mto wetu ni mpole sana. Mtu wa upande wetu wa Ikutha anavuka kwa mawe kwenda upande wa Makueni, viatu mkononi, na maji haimfiki goti. Lakini mvua ikinyesha huko juu, unaamka asubuhi unapata mto umekuwa mwekundu, umebeba miti na mizizi, unanguruma kama lori ya mchanga. Daraja iko, sikatai. Lakini kufika kwa daraja lazima uvuke korongo mbili, na mvua ikija hizo korongo nazo zinajiona mito.

Ndio kikundi cha kijiji kikatafuta boti, na injini ya kufungwa nyuma, imeshatumika mahali pengine kabla ije kwetu. Nikachaguliwa mimi kuiendesha. Kwa nini mimi? Ju nilikuwa nimeendesha bodaboda kule Mutomo, na wazee wakaona injini ni injini. Mimi pia niliona hivyo. Mwanangu, sisi ni watu wa ukame. Kitu tunajua kuhusu maji ni kuyatafuta, si kupanda juu yake. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mimi niliona inaelea nikaruka ndani.

Na mwanzo ilienda vizuri sana. Nilikuwa navusha walimu, navusha magunia ya pojo, navusha wamama wa kanisa wakiimba, na nikifika katikati naongeza moto kidogo ndio wapige kelele. Jioni natoa tangi ya petroli kwa boti naipeleka kulala kwa nyumba ya Susu, nyanya yetu, ju nyumba yake ndio iko karibu na mto, na hakuna mwizi amewahi kupita mbele ya Susu akarudi na viatu vyote viwili.

Halafu injini ikaanza kukosa nguvu.

Si kuzima kabisa, hapana. Hiyo ingekuwa afadhali, ju kitu kikifa unakijua kimekufa. Hii ilikuwa inawaka vizuri asubuhi, inatoka kwa ukingo ikinguruma kama beberu, halafu ikifika katikati inaanza kulegea. Sauti inapungua, boti inapunguza mwendo, inakuwa ni kama unasukuma mkokoteni kwa matope. Nikirudi ukingoni, nifungue tangi, niongeze petroli, inapona. Nikitoka tena, katikati inachoka.

Na wakati huo ndio Kyalo alikuwa anataka kupeleka ntheo.

Wewe ni wa hapa, unajua ntheo. Lakini nikukumbushe, ju vijana siku hizi wanafikiri kuoa ni kupost picha. Kwetu unaweza kukaa na msichana, mpate watoto mpaka nyumba ijae, lakini kama mbuzi za ntheo hazijafika kwao, wazee watakuambia huyo ni mgeni amekuja tu kukupikia. Kyalo alikuwa anampenda Mwende, msichana wa Matiliku, ng'ambo ya mto, mpaka alikuwa amekonda. Siku ikapangwa. Mbuzi zikatafutwa, pamoja na beberu moja mwenye ndevu kunishinda. Tukapanda boti, tukafika katikati, injini ikalegea, mto ukaanza kutupeleka upande wa Mombasa. Tulipiga makasia mpaka tukarudi kwetu tukiwa tumelowa, na beberu akiniangalia kama mimi ndiye nimemkosea.

Baba yake Mwende akapiga simu. Sauti yake ilikuwa polepole, na hiyo ndio mbaya. Akasema, "Mara ya kwanza naelewa, ni mvua. Lakini mbuzi zisipofika mara ya pili, nitajua mto umekataa, na mimi siwezi kubishana na mto."

Kyalo hakula hiyo jioni. Mimi nilikula yake, lakini bila furaha.

Siku zilizofuata nilishika hiyo injini kama adui. Nilibadilisha plagi. Nilisafisha kabureta. Nikatoa propela, nikapata imejisokotea kamba ya gunia, nikakata, nikashangilia, nikapiga kelele kijiji kizima kijue nimepata ugonjwa. Nikajaribu mtoni. Katikati ikachoka vile vile. Pasta akaja akaiombea. Ikawaka vizuri mbele ya pasta, maana hata injini zina unafiki, halafu akishaenda ikarudia tabia.

Nikakaa chini nikafikiria kwa kichwa changu cha darasa la nane. Nikaona: kila nikiongeza petroli inapona. Basi shida ni petroli. Na petroli nanunua kwa nani? Kwa Nzioka, pale sokoni Ikutha, ile anauza na chupa. Nikaenda sokoni siku ya soko, watu wakiwa wengi, nikasimama mbele ya meza yake nikasema kwa sauti, "Nzioka, leo nipe petroli, usinipe mafuta ya taa, taa niko nayo nyumbani!" Watu wakacheka mpaka wauza mbuzi wakageuka. Nzioka alifunga tu chupa yake. Kufika jioni watoto walikuwa wanamwita Mafuta Taa, na watu wa bodaboda wakaanza kununua kwingine. Mwanangu, kelele ya gari inaisha gari ikipita, lakini ya mdomo inabaki kwa soko.

Nilinunua petroli kwa mtu mwingine. Na ile siku ya pili ya ntheo ikafika.

Kulikuwa na mawingu lakini hakuna mvua. Kwa boti tulikuwa mimi, Kyalo na shati yake mpya, mbuzi zimefungwa miguu, Susu ambaye ametulea sisi wawili, na Umau Kimanzi. Huyu ni kaka ya babu yetu, mzee wa kusema maneno siku kama hizo. Alivaa jaketi ya kuelea juu ya koti ya suti, akaifunga mpaka shingoni, akakaa wima kama mtu anapigwa picha ya kitambulisho. Susu alikaa nyuma karibu na mimi, tangi ya petroli kati ya miguu yake, ameishika na magoti ndio isipinduke. Ng'ambo tuliona gari imesimama, na wajomba wa Mwende wamesimama kando yake, mikono nyuma, wanatuangalia.

Nikavuta kamba. Ikawaka. Tukatoka kwa nguvu.

"Leo inasikia," Kyalo akasema.

"Leo inajua kuna nyama," nikamjibu.

Hatukufika nusu. Sauti ikaanza kushuka, wuuu, wuu, wu. Boti ikageuza pua yenyewe. Kuna hiki kibofu cha mpira kwa ile paipu inatoka kwa tangi kwenda kwa injini, ukikiminya kinasukuma petroli. Nikakiminya. Kilikuwa kimelala bapa kama chapati, kimekataa kujaa. Kule chini mto ulikuwa unavunjika juu ya mawe, na mimi na wewe tunajua nani anaishi kwa hayo mawe, na kwamba mamba hali mbuzi peke yake kama mwenye mbuzi yuko.

Umau akaniuliza bila kugeuka, "Muli, ni hii kitu imechoka ama ni wewe umechoka?"

"Ni hii, Umau."

"Basi iambie sisi hatujachoka."

Kyalo alikuwa ameshika kasia anapiga maji kama mtu anayeua nyoka. Ng'ambo mjomba mmoja alikuwa ameshatoa simu mfukoni. Niliona hiyo simu, mwanangu, na nikajua anampigia nani. Uso wa Kyalo ulikuwa umekuwa kama majivu.

Nikasema wacha niongeze petroli, hata kama ni ya kudanganya. "Susu, inua magoti, nifungue tangi."

"Pole pole, isimwagike."

"Susu, haraka!"

Nikazungusha kifuniko. Kabla kitoke vizuri, tangi ikavuta hewa. Fyuuuu! Kama mtu alikuwa amezama ndio ametoa kichwa. Na zile mbavu za tangi, ambazo zilikuwa zimeingia ndani kama mbwa wa kiangazi na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini, zikaruka nje, paa! Beberu akashtuka akapiga kelele. Kibofu kikajaa mkononi mwangu. Na injini, bila mimi kuiguza, ikaamka ikanguruma.

Niliangalia kifuniko. Juu yake kulikuwa na kaskrubu kadogo, ambako siku zote nilikuwa nadhani ni urembo. Pikipiki haina kitu kama hiyo, kifuniko chake kinapumua chenyewe. Kumbe hako kaskrubu ndio pua ya tangi. Kakiwa wazi, hewa inaingia petroli ikitoka. Kakifungwa, injini inavuta, inavuta, mpaka inakuwa kama mtu anayenyonya soda kwa mrija uliozibwa. Na kalikuwa kamefungwa kabisa, kamekazwa kwa roho yote. Si hivyo tu. Chini ya kifuniko kulikuwa kumewekwa kipande cha nailoni, kimekunjwa vizuri, ndio kifuniko kishike, na mimi kila nikiongeza petroli nilikuwa nadhani ni mpira wa kifuniko.

Sasa, mwanangu, kuna mtu mmoja tu kwa hiki kijiji anafunga kitu hivyo. Wewe umebeba jerikeni ya maji kutoka mbali na punda, unajua. Maji yakimwagika njiani umetembea bure. Kwa hivyo unaweka nailoni, unafunga kifuniko juu, unakaza mpaka kiganja kiwe chekundu. Serikali ilipiga nailoni marufuku lakini hiyo habari haijafika kwa nyumba ya Susu. Yeye anafunga maji hivyo, anafunga uji hivyo, anafunga chumvi hivyo. Na tangi yangu ilikuwa inalala kwake.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Sawa. Lakini hata kikupendacho ki nguoni mwako, na kinaweza kukuzamisha vizuri sana.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na mzaha umeshajipanga kwa ulimi, mzuri, mrefu, wenye jina la Susu ndani. Sauti yangu ingefika mpaka kwa wale wajomba.

Umau akaweka bakora yake juu ya goti langu. Hakupiga, aliweka tu.

"Muli. Endesha."

"Lakini Umau, umeona hii nailoni..."

"Nimeona. Na wakwe zetu wanatuona. Endesha."

Nikaweka nailoni mfukoni, nikalegeza skrubu, nikafunga kifuniko, nikashika usukani. Boti ikapanda mto kama haijawahi kuugua. Tulifika ng'ambo na kelele kubwa sana, wajomba wakashika kamba, mbuzi zikashuka, na yule wa simu akairudisha mfukoni. Kyalo alishuka akasimama kwa mchanga kwanza, anapumua tu.

Watu wakiwa wanapakia mbuzi kwa gari, Umau alinishika mkono akanipeleka kando.

"Huo mkono uliofunga hiyo kitu," akaniambia, "ndio ulikuwa unakufungia maji ya kupeleka shule. Ulitaka watu waucheke mbele ya kina Mwende? Sikiza, kijana. Hiyo mdomo yako ina nguvu kushinda hiyo injini. Shida yake haina usukani."

Nikainamisha kichwa.

Tukasikia leso ikipepea nyuma yetu. Ni Susu.

"Mnanisema?"

"Hapana, Susu," nikasema, "tunaongea mambo ya mitambo."

"Mitambo gani? Ni ile skrubu yangu?" Umau akakohoa. Susu akaendelea, "Ni mimi nilifunga. Kila jioni nafunga, ju petroli ilikuwa inanuka mpaka kwa unga. Na nilimwambia huyu. Muli, sikukuambia?"

"Lini, Susu?"

"Ulikuwa unakula. Nikakuambia hiyo tangi yako inapumua ndani ya nyumba yangu, nimeifunga kabisa na nailoni. Ukanijibu nini?"

Mwanangu, nilikumbuka. Ilinirudia yote na nikatamani mto unichukue. Nilikuwa nimemjibu, "Susu, hayo ni marashi ya mzee wa boti, vuta mengi upate bwana mpya." Halafu nikacheka peke yangu nikaenda kulala. Yule mtu mmoja aliyekuwa na dawa alikuja kunipa kwa sahani yangu, mimi nikamrudishia mzaha.

Umau alijaribu kukaza uso. Akashindwa. Alicheka mpaka ile jaketi ya kuelea ikampanda ikafunika masikio, na Susu akacheka, na mjomba wa Mwende akacheka bila kujua anacheka nini.

Nikamuonyesha Susu kaskrubu. Nikamwambia, ukifunga nyumbani huna makosa, tangi ikilala inafaa ifungwe, isinuke, isimwagike. Lakini ikienda kazi lazima ifunguliwe. Akaangalia, akazungusha kulia, akazungusha kushoto, akasema, "Basi jioni ni yangu, asubuhi ni yako. Na nailoni yangu?" Nikatoa mfukoni nikampa.

Ntheo ilifika Matiliku. Baba yake Mwende aliziangalia mbuzi, akamuangalia beberu, akasema mto umekubali, na tukala. Mwende saa hii ni mke wa Kyalo kabisa, anapika muthokoi mtamu wa mahindi na maharagwe, na nikichelewa kula ananiuliza kama skrubu yangu imefungwa.

Lakini siku ya soko iliyofuata Umau hakunisahau. Alinifuata mpaka Ikutha kuhakikisha. Nilisimama pale pale mbele ya meza ya Nzioka, watu wakiwa wengi vile vile, nikasema kwa ile ile sauti kwamba petroli yake ni safi, aliyekuwa mchafu ni mimi. Hakuna mtu alicheka. Kusema ukweli kwa sauti kubwa ni kazi ngumu kuliko mzaha, jaribu uone. Nzioka akapangusa chupa, akaniambia, "Sasa hao watoto wananiita Mafuta Taa utawanyamazisha na nini?" Mpaka leo kuna mmoja anamwita hivyo, na kila nikisikia, nashuka kwa pikipiki namrekebisha. Nanunua petroli kwake peke yake.

Basi ushauri wangu ni huu, na uuweke vizuri. Injini ikikosa nguvu, usianze kwa kichwa chake. Usikimbilie plagi na kabureta ndio watu wakuone fundi. Anza pale petroli inaanzia safari. Angalia tangi, angalia kaskrubu, guza kibofu uone kama kimejaa au kimelala, fuata paipu pole pole mpaka nyuma, propela iwe ya mwisho. Na badilisha kitu moja kwa wakati, ju ukibadilisha zote hutajua ni gani iliiponya. Halafu uliza watu wa nyumbani nani aliguza, na uulize kama mtu anayetaka kujua, si kama askari. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuuliza halafu uongee kabla jibu liishe.

Mzaha si mbaya, mwanangu, mimi bila mzaha ningekauka kama ngozi ya mbuzi. Lakini sikiliza kwanza mtu amalize, ndio ucheke. Na usiweke jina la mtu kwa mzaha kama huna hakika, ju ulimi hauna mfupa lakini unavunja. Ukipata kosa limetoka kwa mtu anayekupenda, lifungue pole pole, vile unafungua hako kaskrubu, bila kelele mbele ya wageni.

Na hata watu ni hivyo hivyo. Kuna wakati wa kumfunga mtu karibu na wewe, na kuna wakati wa kumwacha apumue ndio aende. Ukimkaza siku zote, usishangae akichoka katikati ya safari.

Sasa simama, pangusa mchanga. Mungu akupe mto wenye adabu na mvua ya kutosha shamba. Akupe abiria wanaokaa chini, wakwe wanaongoja, na nyanya wa kukuambia ukweli ukiwa bado unakula. Akutangulie mbele ya boti, akusukume nyuma ya injini, na kila siku ukitoka, akufikishe ng'ambo.